Waraka wa Katikati

Ofisini walimwita Mama Nyaraka, ingawa hakuwa na mtoto na umri wenyewe wa kuitwa mama ulikuwa bado. Jina lilimganda katika mwaka wake wa pili kazini, pale alipowakatalia katakata mafundi wa programu wasianze kuunda mfumo wa duka moja la vitabu kabla hajamaliza kuandika duka lenyewe linataka nini. "Mtajenga nini, hewa?" aliwauliza. Walicheka, lakini walisubiri.

Kazi yake ndiyo hiyo. Alikaa kati ya watu wanaotaka programu na watu wanaoitengeneza, akawasikiliza hawa na kuwaandikia wale kwa lugha watakayoielewa. Wengi walidhani anaandika kitu kimoja. Yeye alishikilia kwamba ni nyaraka tatu, na kwamba kila mmoja una wenyewe. Wa kwanza unaeleza kwa nini taasisi inautaka huo mfumo: imechoshwa na nini, inatarajia kupata nini. Maneno yake hutoka kwa wakubwa. Wa pili unaeleza watakaoutumia mfumo wanafanyaje kazi yao, tangu wanapovaa koti asubuhi hadi wanapolivua, na wanakwama wapi. Wa tatu ndio unaowaambia mafundi mfumo ufanye nini, kifungu baada ya kifungu: mtu akibonyeza hapa, kitokee hiki, akikosea pale, aambiwe vile.

Meneja wa mradi hakuwa mtu mbaya. Tatizo lake lilikuwa moja, kwamba mguu wake mmoja ulikuwa mlangoni siku zote. Hata akiketi, uliona kabisa kwamba anaondoka. Walipopata kazi ya hospitali ya wazazi, iliyotaka kuachana na madaftari yake yote na kuingia kwenye kompyuta, Mama Nyaraka alimpelekea ratiba yake. Meneja aliisoma akiwa amesimama.

"Wiki mbili za kukaa wodini?"

"Kwa ajili ya waraka wa pili, bosi. Niwaone wauguzi wanavyofanya kazi."

"Huo waraka wa katikati uchanganye na wa tatu. Si mahitaji ni yale yale?"

"Si yale yale."

"Muulize katibu wa hospitali. Anaijua hospitali yake nje ndani. Utamaliza kwa siku mbili."

Siku nyingine angebisha mpaka Meneja aketi. Lakini mwezi ule mumewe, fundi rangi, alikuwa ameteleza kwenye ngazi na kuvunjika kifundo cha mguu, na sasa alikuwa amelala kitandani na plasta hadi gotini. Kupika ni yeye, sokoni ni yeye, kumsindikiza bafuni ni yeye. Aliutazama uso wa Meneja, akaikunja ratiba yake. "Haya," alisema.

Katibu wa hospitali alikuwa mtu mpole, mwenye kalamu mbili mfukoni na tabia ya kujibu swali kabla halijaisha. Mama Nyaraka alimkuta ofisini mara mbili. Aliuliza kuhusu kusajili, kuhusu vitanda, kuhusu dawa.

"Na mama akisharuhusiwa kwenda nyumbani, faili lake—"

"Linafungwa siku hiyo hiyo."

"Na la mtoto?"

"Si anaondoka naye? Yafungwe yote mawili kwa pamoja. Mafaili yanayobaki wazi ndiyo yanayotutia wazimu hapa."

Jibu lilikuwa limenyooka, na kichwa chake kilikuwa kimechoka. Aliandika kifungu cha arobaini na saba: *Mama anaporuhusiwa, mfumo utafunga faili lake pamoja na la mtoto wake.* Waraka ulipotimia kurasa mia moja na kumi na mbili, katibu alitia saini, Meneja alitia saini, na mafundi wakaanza.

Mfumo ulifunguliwa siku ya Jumatatu, na Jumatatu yenyewe ilikwenda vizuri mno. Kila wodi ilikuwa na skrini yake. Kwenye wodi ya watoto njiti, wale waliozaliwa kabla ya siku zao, skrini ilionyesha kila mtoto, kitanda chake na saa ya dawa yake, na saa ikifika ililia kengele. Mlinzi wa mlango wa wodi za watoto alipewa kompyuta ndogo ya mkononi yenye orodha ya akina mama wanaoruhusiwa kuingia. Katibu alifurahi hata akatoa amri: ifikapo Ijumaa, mbao zote za ukutani na madaftari ya zamani yapelekwe stoo.

Jumatano, baada ya saa tisa alasiri, Mama Nyaraka alikuwa mezani kwake akimenya chungwa simu yake ilipoita. Ilikuwa sauti ya mwanamke mtu mzima.

"Mwanangu, mimi ni sista mkuu wa wodi ya njiti. Nimeambiwa wewe ndiye uliyeandika mambo ya huu mfumo."

"Ndiyo, mama. Ni mimi."

"Basi nisaidie. Mtoto wangu mmoja amepotea."

Chungwa lilimtoka mkononi. "Amepotea vipi?"

"Kitandani yupo. Skrini ndiyo haina habari naye. Vitandani nina watoto kumi na mmoja, skrini inahesabu kumi. Wa kitanda cha sita ha—" Nyuma yake mashine ilianza kulia mfululizo, mlio mkali wa kukata sikio. "Nakuja!" Sista alimpigia mtu kelele, na simu ikakatika.

Mama Nyaraka alipiga tena. Iliita mpaka ikachoka. Alipiga mara ya pili huku akielekea kwenye meza ya fundi mkuu wa programu, kijana mmoja waliyemwita Kimya, kwa sababu angeweza kumaliza siku nzima kwa maneno manane.

"Kitanda cha sita, wodi ya njiti," alimwambia. "Nionyeshe."

Kimya alichapa, akasogeza kiti ili naye aone. "Faili limefungwa. Saa tatu asubuhi."

"Nani kalifunga?"

"Mfumo wenyewe." Alishusha ukurasa, akaweka kidole kwenye skrini. Saa tatu asubuhi mama wa yule mtoto alikuwa ameruhusiwa. Alikuwa mzima, siku ya nne tangu ajifungue, hana sababu ya kulalia kitanda cha hospitali. Mtoto wake, kilo moja na robo, alikuwa amebaki ndani ya kitanda cha joto, na huenda angebaki humo mwezi mzima.

"Mama ametoka, mtoto amebaki," Mama Nyaraka alisema polepole, kama mtu anayesoma maandishi ya mbali. Katibu hakuliwaza hilo, maana katibu huona mafaili. Yeye hakuliwaza, maana hakuingia wodini. Muuguzi yeyote wa wodi ile angemwambia katika dakika ya kwanza, tena bila kuulizwa.

"Na kengele za dawa?"

Kimya alitafuta. "Sindano. Saa nane mchana."

"Ililia?"

Kimya alitikisa kichwa. "Faili likifungwa, kengele zinafutika."

Saa ya ukutani ilikuwa inaonyesha saa tisa na dakika kumi. Mama Nyaraka alianza kukusanya vitu vyake na kuvitia mkobani bila kuviona. Meneja, aliyekuwa anapita, alisimama.

"Kuna nini?"

Alimweleza kwa sentensi tatu. Meneja alishika kiuno, akatazama dari. Safari hii miguu yote miwili ilikuwa sakafuni.

"Usiende," alisema. "Ngoja tuandike barua kwanza. Kifungu kile kimesainiwa na katibu wao. Ukienda mwenyewe hivi, itaonekana tumekubali kosa."

"Bosi, kuna mtoto kule ambaye hajui nani kasaini nini." Alimgeukia Kimya. "Lifungue faili lake sasa hivi. Usimsubiri mtu."

Kimya alikuwa ameshaanza.

Mama Nyaraka alichukua pikipiki. Njia nzima alishika mkoba kifuani na kupiga hesabu ambazo hakuwa na elimu yake: mtoto wa kilo moja na robo anaweza kukaa saa ngapi bila sindano yake? Na ule mlio aliousikia kwenye simu ulikuwa wa kitanda gani? Dereva alimuuliza kama anamkimbilia mgonjwa. Alisema ndiyo, kwa kuwa hakuwa na jibu fupi zaidi.

Mbele ya mlango wa wodi za watoto alikuta ugomvi. Mwanamke mmoja wa umri wa mdogo wake, miguuni amevaa kandambili, amekumbatia chupa ya maziwa iliyofungwa ndani ya kanga, alikuwa anamlilia mlinzi kwa sauti iliyokwisha kukauka.

"Mama, nimekwambia," mlinzi alikuwa anasema, mzee mwenye uso wa upole, akimwonyesha ile kompyuta ndogo. "Jina lako halipo hapa. Mtoto wako hayupo."

"Hayupo amekwenda wapi? Nimemwacha asubuhi! Kama amekufa semeni amekufa! Semeni basi!"

Mama Nyaraka hakuhitaji kuambiwa huyu ni nani. Alimshika mkono.

"Dada, mtoto wako si yuko kitanda cha sita? Wodi ya njiti?"

Yule mwanamke aligeuka. "Unamjua?"

"Yupo. Sista amenipigia simu sasa hivi akaniambia yupo kitandani kwake. Kilichofutika ni jina lake kwenye kompyuta. Na kosa hilo ni langu, si la huyu mzee."

"Una hakika?"

Kwamba yupo, alikuwa na hakika. Kuhusu sindano na ule mlio, hakuwa nayo hata chembe. "Twende tukamwone," alisema.

"Mimi nafuata kilichoandikwa," mlinzi alijitetea, sauti imemlegea.

"Najua, mzee wangu. Aliyekiandika ni mimi. Tufungulie."

Mzee alitazama kitambulisho chake, akautazama uso wa yule mama, akafungua bila kuuliza tena.

Ndani walinawa mikono mpaka viwikoni, yule mama akinawa haraka kama mtu aliyekwisha kulizoea lile sinki, kisha wakavaa aproni. Wodi ilikuwa na joto la chumba cha kuoteshea miche. Vitanda kumi na viwili vya vioo vilipangwa safu mbili, na kwenye cha sita, chini ya taa, alilala kiumbe mwenye kofia ya sufu kubwa kuliko kichwa, kifua kikipanda na kushuka, kikipanda na kushuka. Mama yake aliinama, akagusa kioo kwa kiganja chote.

Sista mkuu alitokea upande wa pili. Alikuwa mfupi, miwani yake imening'inia shingoni kwa kamba, kandambili zake za wodini hazitoi sauti.

"Wewe ndiye wa kwenye simu?"

"Ndiyo, mama. Shikamoo. Sindano yake ya saa nane..."

"Marahaba. Nimempa saa nane kamili."

"Lakini kengele haikulia."

"Mwanangu, mimi nina miaka ishirini na nane humu ndani. Siku nitakayosubiri kengele inikumbushe mtoto, nitakuwa nimekwisha." Alimwashiria amfuate, akausogeza mlango wa kabati la mashuka. Nyuma yake, umeegemezwa kwenye mashuka, ulikuwa ubao mweupe wenye majina yote kumi na moja, saa, dozi, na alama ya vema mbele ya kila kilichotolewa. "Katibu alisema ubao uondoke ukutani. Umeondoka ukutani."

"Na ule mlio? Nilipokuwa naongea na wewe?"

"Ule? Kitanda cha pili. Bwana mdogo amejinyoosha, akachomoa waya wake kwa mguu. Yuko salama, anajifanya kalala."

Mama Nyaraka alitafuta pa kukaa. Palikuwa na benchi dogo ambalo akina mama hutumia wanapokamua maziwa, akajibwaga hapo. Alitaka kusema asante, badala yake alicheka, na kicheko kilipofika katikati kikageuka machozi, yakamshuka mpaka kwenye aproni. Sista alimwacha. Alikwenda kupima joto la kitanda cha nne, akaandika, akarudi na kipande cha shashi.

Wakati huo huo skrini ya ukutani ilimeta. Kumi ikawa kumi na moja, kitanda cha sita kikarudi mahali pake, na kengele ikalia kwa nguvu zote kuwajulisha kwamba sindano ya saa nane imechelewa. Wote waliruka. Watoto wanne walianza kulia kwa mpigo.

"Sasa ndiyo unanikumbusha?" Sista aliiuliza skrini, akanyoosha mkono kuizima.

Mama Nyaraka alimwendea yule mama. Mwanamke huyo alikuwa amesimama pale mlangoni zaidi ya saa nzima akiambiwa mtoto wake hayupo, na hakuna namna ya kulirudisha hilo. Alianza kumwomba msamaha, lakini mwenzake alinyoosha kiganja bila kugeuka.

"Usiniombe sasa, dada. Niache nimwangalie kwanza."

Ilikuwa haki yake. Mama Nyaraka alirudi nyuma hatua mbili.

Jioni ile nyumbani alimsimulia mumewe yote huku akimwekea mto chini ya mguu. Mume alisikiliza, ndevu zake zimeota hovyo tangu aache kwenda kazini.

"Kesho utasemaje?"

"Nitasema ilivyokuwa."

"Wakikufukuza?"

"Tutakuwa wawili nyumbani."

"Afadhali," mume alisema. "Nitapata mtu wa kuniletea maji mchana." Akamvuta mkono. Mama Nyaraka akaketi kando yake, na kwa mara ya kwanza siku ile akala chakula akakijua ladha.

Kikao kilifanyika asubuhi ofisini kwa katibu. Walikuwa wanne tu: katibu, Meneja, Sista mkuu na yeye. Meneja alikuwa amekuja na ule waraka wa kurasa mia moja na kumi na mbili, akauweka mezani ukiwa umefunguliwa kwenye ukurasa wa saini. Katibu aliiona saini yake, akatoa kalamu moja mfukoni, akairudisha, akatoa ya pili. Ilionekana wazi kwamba kila mmoja amekuja na ngao yake.

Mama Nyaraka alipiga moyo konde, akatangulia.

"Kabla hatujaanza," alisema, "kifungu cha arobaini na saba nimekiandika mimi. Niliandika habari za wodi ambayo sijawahi kuingia. Kulitakiwa kuwe na nyaraka tatu, tulitengeneza mbili. Wa pili, ule wa watu wanaofanya kazi yenyewe, tuliuruka ili tuwahi. Nilijua haifai, na nikakubali."

Meneja alitazama viatu vyake. Kisha katibu alivuta pumzi ndefu, akaufunga ule waraka kwa mkono wake mwenyewe.

"Na mimi niseme," alisema. "Niliusaini huu bila kuusoma. Nilisoma ukurasa wa kwanza, nikasoma wa mwisho. Jana usingizi haukunijia, nikijua leo mtaniuliza kifungu hiki kinasema nini."

"Hata mimi ningekuuliza," Sista alisema, na katibu akacheka kicheko cha mtu aliyevuliwa kiatu kinachobana. Meneja naye akacheka, kwanza kwa adabu, halafu kwelikweli.

"Hebu nifahamisheni," Sista aliendelea, akivaa miwani. "Huo waraka wa kwanza ni wa nani?"

"Wa hospitali," Mama Nyaraka alijibu. "Wa ofisi hii."

"Wa tatu?"

"Wa mafundi wetu."

"Kwa hiyo wakubwa wana wao, mafundi wana wao. Wa katikati ndio wetu sisi, na ndio mlioutupa."

"Ndiyo, mama."

"Basi ukautafute."

Meneja alikohoa. "Tunahitaji muda gani?" aliuliza, na Mama Nyaraka akasema wiki mbili, zile zile alizoziomba mwanzo. Meneja alifungua kinywa, akamtazama Sista, akakifunga. "Wiki mbili," alisema. Katibu alifuta amri yake ya Ijumaa papo hapo: mbao na madaftari yatabaki kando ya skrini mpaka Sista mwenyewe aseme basi. Kifungu cha arobaini na saba Kimya alikuwa amekwisha kukizima tangu jana.

Walipotoka, Meneja alitembea naye hadi nje ya lango. "Ungeniachia mimi nizungumze, tungeshinda," alisema.

"Tungemshinda nani, bosi?"

Meneja alikuna shingo. "Sijui," alikiri. Kisha akaangalia saa, akakumbuka mahali anapotakiwa kuwa.

Wiki mbili zile Mama Nyaraka alikaa kwenye wodi ya njiti kuanzia zamu ya asubuhi, amevaa aproni, daftari gotini. Katika siku ya kwanza tu aliandika kurasa tisa. Aliona kwamba muuguzi mwenye glavu zilizolowa hawezi kubonyeza skrini, kwa hiyo wote walikuwa wanaibonyeza kwa kiwiko na kukosea. Aliona kwamba kengele inawaamsha watoto ambao wauguzi wametumia saa nzima kuwalaza. Walichotaka ni taa ya kuwaka, si kelele. Aliona kwamba baadhi ya watoto huhamishwa kitanda mara mbili kwa siku, na mfumo ulidhani kitanda ni mtoto. Aliona kwamba watoto wengi hawana majina bado, wanaitwa kwa majina ya utani ya wodini, na kwamba wale pacha wa kitanda cha nane na cha tisa waliandikwa kwa jina moja la mama yao, jambo lililomnyima raha mchana kutwa mpaka alipolipigia mstari mara mbili.

Kila alasiri Sista alimtaka asome kwa sauti alichoandika.

"'Mtumiaji atathibitisha utoaji wa dawa,'" alisoma Mama Nyaraka.

"Nani huyo mtumiaji?"

"Muuguzi."

"Andika muuguzi. Na 'utoaji wa dawa' ndiyo nini? Nimempa sindano. Andika: muuguzi akishatoa sindano, aweke alama."

Alikata, akaandika upya. Hakuwahi kuwa na mkaguzi mkali kama yule, na hakuwahi kupenda kukatiwa maneno yake kama alivyopenda pale. Yule mama wa kitanda cha sita alikuja kila siku mara tatu na maziwa yake; mlinzi sasa alimfungulia kabla hajafika. Siku ya nne aliketi kwenye benchi kando ya Mama Nyaraka na kuchungulia daftari.

"Na sisi umetuandika?"

"Nyinyi akina nani?"

"Tunaokuja na kutoka. Mimi nikiwa nyumbani usiku sijui amelalaje. Kama huko kwenye kompyuta kunaandikwa kila kitu, si nipate hata ujumbe mmoja kwenye simu? Neno moja tu, kwamba yuko salama."

Mama Nyaraka alifungua ukurasa mpya. Hilo hata Sista hakuwa ameliwaza. Waliandika pamoja, wakibishana kama ujumbe uje mara moja au mbili, na yule mama akashinda: mara mbili. Alipomaliza alisema, bila kumtazama, "Ile siku pale mlangoni nilikuwa nimekuchukia. Sasa imepungua."

"Imepungua inatosha, dada."

Waraka ulipokamilika ulikuwa na kurasa thelathini na nne, na wauguzi wote wa zamu mbili waliusoma. Walitia saini kumi na tano, moja ikiwa na doa la dawa ya kidonda. Katibu aliusoma wote, akarudi na maswali mawili, na maswali yenyewe yalikuwa mazuri. Mafundi walifanya mabadiliko kwa wiki tatu. Kimya alikuja wodini mara moja kuangalia taa inavyowaka, akaonyeshwa pacha, akasema, "Wadogo," kisha akasimama pale robo saa.

Mtoto wa kitanda cha sita alitimiza kilo mbili siku ya Jumanne. Sista ndiye aliyemwandikia ruhusa, na mama yake alimfunga mara tatu kwa mablanketi ingawa nje palikuwa na jua. Kwenye skrini jina lilitoka mahali pake kwa kufungwa na mkono wa muuguzi, baada ya mtoto mwenyewe kupita mlango. Mama Nyaraka alikuwa amekuja kwa ajili ya siku hiyo tu. Alipewa mtoto ambebe mpaka kwenye gari la shemeji yake yule mama, hatua kama sitini, na alizitembea kwa uangalifu wa mtu aliyebeba bakuli la maji limejaa hadi ukingoni. Gari lilipoondoka mikono yake ilibaki imekunjwa vile vile kwa muda, akashusha pumzi, akajikuta anatabasamu peke yake barabarani.

"Mwanangu!" Sista alimwita kutoka dirishani. "Usiondoke bado. Wa wodi ya upasuaji wamesikia habari zako, wanasema na wao wana mambo ya kukueleza. Wanaanza kuyasema sasa hivi, tena kwa pamoja."

Mama Nyaraka alitafuta kalamu mkobani, akaingia ndani.